Kuba la Buluu la Hartford na Bastola Iliyochongwa Tumbo

Msafiri anayeingia Hartford, mji mkuu wa jimbo la Connecticut nchini Marekani, hana haja ya kuuliza kilipo kiwanda cha zamani cha Samuel Colt. Kuba la buluu lenye nyota za dhahabu humwita kutoka mbali, na juu yake mwanafarasi amesimama kwa miguu miwili ya nyuma. Mgeni angedhani ni kasri la sultani, kumbe ndipo zilipofuliwa bastola.

Colt alikijenga mwaka wa 1855 kando ya Mto Connecticut, akazungushia ukuta wa kuzuia mafuriko. Alifariki mwaka wa 1862. Miaka miwili baadaye moto uliteketeza sehemu kubwa ya kiwanda, na mjane wake, Elizabeth, akakijenga upya.

Mjane huyo alijenga na kanisa karibu na hapo, lililofunguliwa mwaka wa 1869 kwa kumbukumbu ya mumewe na watoto wao watatu waliofariki. Ukifika, zunguka hadi mlango uliokusudiwa wafanyakazi wa kiwanda. Utazame vizuri. Kwenye mawe yake, katikati ya misalaba, zimechongwa sehemu za bastola: vipini, mitutu na mengineyo. Nakiri sikujua nistaajabu au nisikitike. Katika jimbo hilo hilo, mwaka wa 2012, watoto 20 na watu wazima sita waliuawa kwa risasi katika shule moja mjini Newtown.

Hata hivyo, Hartford ina bastola nyingine, ambayo shabaha yake ni karatasi tu.

Bastola ya M1911, iliyobuniwa na John Browning na kuchukuliwa na jeshi la Marekani mwaka wa 1911, ilitengenezwa na kampuni ya Colt. Ukiifyatua, nguvu ya mlipuko hurudisha nyuma chuma kizito kilichofunika mtutu. Chuma hicho hutupa ganda tupu, kisha springi hukisukuma mbele kikiwa kimebeba risasi nyingine. Uzito wake ulipimwa kwa risasi ya vita.

Lakini walenga shabaha husimama na kushika bastola kwa mkono mmoja, mbali yadi 25 au 50 na karatasi. Hao hupenda risasi yenye baruti kidogo, isiyoutikisa mkono. Tatizo ni kwamba risasi hafifu haiwezi kukirudisha vyema chuma kizito. Ganda hubanwa mlangoni, saa nayo haimsubiri mtu.

Mafundi wakafanya kama mchonga ngoma. Walipunguza chuma kwa ndani, nje pakabaki vile vile, wakaweka na springi laini. Colt yenyewe ilipotoa bastola ya mashindano iitwayo Gold Cup mwaka wa 1957, ilikuwa imechongwa hivyo tumboni. Ukiishika huoni kitu; sharti uifungue.

Kazi hiyo ilitaka kiasi. Chuma chepesi kikipigwa kwa risasi kamili ya vita hurudi kwa kasi mno, kikagonga fremu kwa nguvu na hatimaye kuweza kupasuka. Ndiyo maana mwenye bastola kuukuu ya aina hiyo huilisha risasi laini, na fundi mwenye busara hathubutu kuongeza hata mkwaruzo mmoja wa tupa ndani yake. Chuma kilichoondolewa hakirudishwi.

Eneo la kiwanda liliidhinishwa kuwa mbuga ya kihistoria ya taifa kwa sheria ya mwaka wa 2014. Silaha nyingi za Colt zimehifadhiwa katika makumbusho ya historia ya jimbo, mkabala na jengo la bunge, na kiingilio ni bure. Ukiwa na watoto, wapeleke kwanza kwenye ule mlango wa kanisa. Watauliza maswali, nawe jiandae.