Nilimzamisha kwa Jiwe

Kwa miaka mitatu nilikuwa muongo, na uongo wangu ulikuwa wa neno moja: hakuna.

Kijana wa utafiti alikuwa akija diko letu la Kizimkazi asubuhi, vyombo vinarudi na mnada haujaanza. Anakaa chini ya mkungu na daftari lake, anamwita kila mmoja kwa adabu: "Nahodha, tangu mwezi uliopita umemkuta pomboo kwenye nyavu?" Najibu, hakuna, bwana mdogo. Anayenifuata anajibu hakuna. Wa tatu anacheka kwanza, kisha naye anajibu hakuna. Ungetusikiliza ungedhani pomboo wa Kizimkazi wana macho ya kuona nailoni kwenye kiza.

Usiku ninaotaka kuusema ulikuwa wa msimu wa kaskazi, mwaka 2001, mwezi umekufa kabisa. Nyavu ya kuelea hupenda kiza. Mwezi ukiwa mkubwa samaki huiona na kuikwepa. Tulikuwa watano kwenye mashua. Tuliitupa, tukalala kidogo huku mkondo unatuchukua pamoja nayo, na alfajiri tukaanza kuvuta. Mtu aliyevuta nyavu miaka mingi hujua kilichomo kabla hakijafika juu. Papa hupiga, mikono inamsikia. Taa hugoma. Pomboo huja mzito na kimya, kwa sababu anapokufikia mkononi amekwisha kufa zamani: hupumua hewa kama mimi na wewe, na nyavu ikimshika chini asipande, dakika chache zinamtosha.

Nyuzi zilikuwa zimemkata kwenye kona ya mdomo. Ngozi yake nilipoishika ilikuwa kama mpira wa ndani wa baiskeli uliolowa. Baharia mmoja akaleta tochi, na hapo nikaliona pezi la mgongoni: lina mapengo mawili, kubwa karibu na ncha, dogo chini yake. Magoti yakanilegea.

Pezi lile nililijua ingawa sikuwahi kuliona. Mdogo wangu huendesha boti ya watalii, na kila jioni kwenye sinia ya wali alikuwa na habari za Pengo. Leo Pengo katokea mapema. Leo Pengo kawapita wageni chini ya miguu. Leo mgeni mmoja katoa bahashishi nono kwa sababu ya Pengo. Mimi nilikuwa nikimcheka, mtu mzima kumpa samaki jina.

Wakati ule nanga yangu ilikuwa ya jiwe. Nikakata kamba, nikalifunga jiwe mkiani kwake, nikawaambia wenzangu wamwachie. Hakuna aliyesema neno. Tulirudi tukauza nguru watatu na jodari wachache, nami nikapita chini ya mkungu nikasema hakuna.

Sikulelewa kumwonea pomboo huruma, hili niliseme wazi. Nilipokuwa mtoto, wazee wetu walikuwa wakitoka kwa makusudi kumtafuta. Waliwazungushia nyavu, wakawachoma kwa chusa, wakawakatakata wawe chambo cha papa. Nyama ya pomboo ina mafuta mengi na damu nyingi, na papa huisikia kutoka mbali. Nakumbuka vipande vyeusi kwenye mchanga, na sisi watoto tukifukuza kunguru. Miaka ya mwanzo ya 1990 watalii wakaanza kuja kumtazama, wakalipa, na mnyama aliyekuwa chambo akawa mgeni wa heshima. Msako ukafa polepole, wala si kwa mihadhara ya mtu yeyote. Hesabu tu: aliye hai alilipa zaidi ya aliyekatwa.

Ila msako ulipokufa, nyavu zilibaki. Pomboo aliyenaswa na nyavu hatukumhesabu kuwa tumemuua sisi. Tulisema ni ajali, ni kudra. Halafu ikaja khofu. Ghuba yetu ya Menai ilitangazwa eneo la hifadhi mwaka 1997, na lilipotajwa neno hifadhi, sisi masikioni tulisikia doria. Nani atakwenda kujisema mwenyewe kwamba nyavu yake imeua mnyama ambaye serikali inamtaka na wageni wanamlipia? Kila mmoja alikuwa na jiwe lake.

Kilichonigeuza hakikuwa mkutano. Mikutano ilikuwepo, yenye picha ukutani na soda, tukapiga makofi na kurudi kutega vilevile. Aliyenigeuza ni mzee mmoja wa diko letu, nahodha kuliko sisi sote, ambaye asubuhi moja alifika na pomboo ndani ya ngalawa, wazi, mchana kweupe, akamwita yule kijana: "Njoo mtazame wako." Tukasubiri tuone atakamatwa na nani. Hakukamatwa. Kijana alimshukuru, akapiga simu, watu wa Taasisi ya Sayansi za Bahari wakaja kutoka mjini na tepu ya kupimia na visu. Mzee akaenda zake msikitini.

Miezi miwili baadaye zamu ikawa yangu. Sikumzamisha. Nilimleta, na kwa kuwa nilimleta mimi, nikaona nina haki ya kusimama pale wakati wanampasua. Hapo ndipo nilipofunguka, naona hata haya kusema, mbele ya tumbo lililopasuliwa.

Maana sisi tulikuwa na kesi na pomboo. Tuliamini anatumalizia nguru. Kila aliyekosa samaki alimtaja yeye. Basi walipofungua tumbo nikainama kumtafuta nguru wangu. Kulikuwa na uji wa kijivu, midomo ya ngisi iliyo kama midomo ya kasuku, na vijiwe vidogo vyeupe, vingine havifiki punje ya mchele. Mtafiti akaviosha kwenye chujio, akaniwekea kimoja kiganjani. Akanieleza kwamba samaki wenye mifupa wana vijiwe hivyo ndani ya kichwa, na kila aina ina umbo lake, hivyo hata nyama ikishasagika jiwe husema alikuwa nani. Jino nalo walilichukua: likikatwa lina mistari kama ya gogo, nayo huhesabiwa kujua umri.

Matokeo yalipotoka, walikuwa wamekagua matumbo 26 ya pomboo wa aina hii yetu, wote waliokufa kwenye nyavu za Unguja. Walikuta aina 50 za samaki na aina 3 za ngisi, na aliyeongoza alikuwa samaki mwembamba wa chini, wa jamii ya mikunga, ambaye mimi katika maisha yangu sijapata kumpeleka mnadani. Wengi wao walikuwa samaki wadogo na wa wastani wa karibu na pwani. Kesi yetu ikafa palepale. Na matumbo yale yaliletwa na nani? Na sisi. Laiti wote tungeendelea na mawe, mpaka leo tungekuwa tunamshitaki pomboo kwa nguru ambaye hakumla.

Halafu wakatupa hesabu nyingine. Wamepiga picha mapezi, pengo kwa pengo, kazi ile ile ambayo mdogo wangu alikuwa akiifanya bila kamera, na wamekadiria kwamba kati ya 1999 na 2002 eneo la kusini hapa lilikuwa na pomboo wa aina hii yetu kati ya 136 na 179, na wale wenye nundu kati ya 58 na 65. Hawafiki hata wanafunzi wa skuli moja! Mimi nilidhani ni maelfu, kwa kuwa kila siku unawaona. Kumbe unawaona wale wale. Jike hubeba mimba mwaka mzima, huzaa mmoja, hunyonyesha, na miaka kama mitatu hupita kabla hajazaa tena. Usiku ule nilikaa barazani nikahesabu nyavu za Kizimkazi Mkunguni, nikahesabu za Kizimkazi Dimbani, nikaipa kila nyavu pomboo mmoja tu kwa mwaka. Sikufika mwisho wa hesabu.

Kubadili nyavu ni jambo jingine kabisa na kubadili moyo. Moyo ni wangu peke yangu, nyavu ina watu watano. Miaka mingi nilileta maiti tu, nikiandika. Baadaye tukasikia habari za Pakistani, ambako manahodha wenyewe walifundishwa kuandika kinachonaswa, na wakajaribu kuishusha nyavu ya jodari mita 2 chini ya uso wa maji badala ya kuianzia juu. Pomboo waliokufa walipungua kwa zaidi ya robo tatu. Samaki nao walipungua kidogo.

Hilo "kidogo" ndilo lililoleta ugomvi. Mita 2 ni pima moja na ushee. Nikanyoosha mikono, nikapima kamba kutoka kidole hadi kidole, nikaongeza shubiri, nikakata, na kila boya nikaliunganisha na nyavu kwa kamba ile. Kazi ya siku nne chini ya mwembe. Mabaharia wakanitazama. Mmoja, mtu wangu wa miaka mingi, akasema: "Nahodha, nguru anapita juu. Pima hii moja ni ada ya skuli ya mwanangu." Alikuwa na haki. Tulikubaliana kwamba kwa msimu mmoja pengo la mapato litoke kwenye fungu la nyavu, yaani mfukoni kwangu, si kwenye fungu lao. Kuna usiku nililia moyoni. Msimu wa pili walikubali tugawane hasara, na wawili waliondoka wakaenda chombo kingine. Siwalaumu.

Wa kulaumu ninao, ingawa si kwa jina. Asubuhi moja natoka na nyavu yangu ya pima moja, nakuta boti zisizopungua kumi zimemzingira pomboo mmoja, wageni wanamrukia kichwani, na injini hazizimwi. Anapiga mbizi, wanamkimbilia anakoibukia. Miongozo ya kumtazama pomboo ipo, imeandikwa, kila mtu anaijua. Mvuvi akiambiwa abebe gharama, na mwenye boti abebe gharama. Nilimwambia hivyo mdogo wangu, tukanuniana wiki nzima.

Gharama nyingine huja na kusi, nyangumi wa nundu wanapopanda kutoka bahari ya barafu kuja kuzaa huku kwetu kwenye joto. Mwaka mmoja nyangumi alipita na vipande vinne vya nyavu yangu, akavichukua kama mtu aliyepita kwenye utando wa buibui, na fidia yake hakuna. Hata hivyo siku hizi nikimwona napiga simu, kama wenzetu wa Watamu na Shimoni upande wa Kenya, ambako tangu 2011 wavuvi na manahodha hutoa taarifa za wanyama hawa, nani kaonwa, wapi, ana mtoto au hana.

Habari ya Pengo nilimweleza mdogo wangu baada ya miaka mingi, tumetoka kuzika. Yeye alikuwa amemsubiri misimu miwili, akijipa moyo kwamba amehamia kisiwa cha Mnemba. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Nilijua, kaka. Ulirudi bila nanga."

Kiza cha mwezi uliopita tulitega tena. Mwanangu ndiye aliyekuwa mbele, anavuta, nami nashika usukani. Akasimama ghafla, akaniangalia bila kusema. Nikajua kabla sijamwona. Pima moja hupunguza, haimalizi. Alikuwa mdogo, pezi zima, halina hata pengo.

"Baba," akasema, sauti chini, na jicho lake limekwenda kwenye nanga. Siku hizi ni ya chuma.

"Mpandishe," nikamwambia. "Mfunike na turubai lenye maji, asikauke. Na daftari limo ndani ya debe, andika saa."