Kodi ya Miezi Sita

Mimi ni mchungaji wa Kilutheri, nina umri wa miaka 46, na katika maisha yangu yote sijawahi kulipa kodi ya nyumba. Kutoka kwa wazazi wangu nilikwenda shule ya bweni. Kutoka shule ya bweni nilikwenda Makumira kusoma theolojia, nikapewa kitanda na kabati. Nilipobarikiwa kuwa mchungaji nikakabidhiwa ufunguo wa nyumba ya usharika. Nimehamishwa mara tatu, na kila nilikopelekwa nilikuta ufunguo mwingine unanisubiri. Naanza na jambo hili kwa sababu ndilo lililonizuia kumsikia mtu aliyekuja kwangu na shida ya kweli.

Alikuwa binti wa miaka 24, mwimbaji wa sauti ya pili katika kwaya ya vijana. Aliuza katika duka la vitambaa Kariakoo kwa mshahara wa shilingi 180,000 kwa mwezi. Alipokuja Dar es Salaam alifikia kwa mjomba wake, lakini watoto wa mjomba walipokua nyumba ikawa ndogo, akaambiwa kwa upole kwamba sasa ajitafutie. Akapata chumba kimoja huko Chanika cha shilingi 40,000 kwa mwezi, choo cha pamoja uani, na umeme wa kuchangia LUKU na wapangaji wenzake.

Msomaji anayeishi kwake anaweza kusema kwamba 40,000 katika 180,000 si mzigo mkubwa. Hata mimi nilisema hivyo moyoni. Lakini mwenye nyumba yule, kama wengi mjini, hakupokea kodi ya mwezi mmoja mmoja. Alitaka ya miezi sita kwa mkupuo, yaani 240,000, na dalali naye akataka kodi ya mwezi mmoja kwa kumwonyesha chumba. Jumla ni 280,000, kabla hajanunua godoro. Binti aliziunganisha kwa akiba yake, zamu yake katika upatu, na fedha za mbuzi wawili ambao mama yake aliwauza kijijini. Kisha nauli ya kwenda na kurudi Kariakoo kila siku ikaanza kula kile alichokiokoa kwa kupanga mbali. Miezi sita ikapita, na kodi ikaisha.

Alikuja ofisini jioni ya Jumanne.

"Shikamoo, Baba Mchungaji."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Akaeleza kwamba mwenye nyumba amempa hadi mwisho wa mwezi. Alikuwa na shilingi 90,000 mkononi. Akaomba usharika umkopeshe 150,000, naye angelipa kidogo kidogo kila apatapo mshahara.

Nilimwambia usharika hauna mfuko wa namna hiyo, na ilikuwa kweli. Nikamshauri arudi kwa mjomba, au atafute binti mwenzake wagawane kodi. Akajibu kwamba kwa mjomba hata sebuleni sasa wanalala vijana wawili, na rafiki aliyemwomba washirikiane hakuwa na nusu yake. Basi nikafanya nilichokijua. Nilimwombea, na nikawataja ndege wa angani ambao Mungu huwalisha. Akaitikia Amina, akanishukuru, akaondoka. Nikafunga ofisi, nikatembea hatua kama thelathini, nikaingia nyumbani kwangu.

Baada ya miezi minne mzee wa kanisa wa mtaa wake alileta taarifa kwamba binti yule anaishi na mwanamume bila ndoa. Baraza la wazee likakaa. Hakuna aliyemchukia, na utaratibu ulifuatwa wote. Akasimamishwa kwaya, na akazuiwa kushiriki Chakula cha Bwana hadi atakapotengeneza mambo yake na kurudi kundini. Barua niliisaini mimi.

Hakuja kujieleza, nikaenda mimi. Nilimkuta peke yake, akanitolea kigoda nje ya mlango. Nikamuuliza imekuwaje, yeye ambaye tangu kipaimara alijulikana kwa uaminifu. Akanyamaza kwa muda mrefu, akichezea upindo wa kanga yake. Kisha akasema, "Baba, yeye alikuwa na kodi."

Hakusema zaidi. Nilikuwa nimejiandaa na maneno mengi kuhusu ndoa, nikashindwa hata kuyaanza.

Ndani ya daladala nilifikiri juu ya Katekisimu Ndogo ambayo Martin Luther aliiandika mwaka 1529, na ambayo nimewakaririsha watoto wa kipaimara kwa miaka mingi. Katika hesabu yetu ya Kilutheri, amri ya sita ndiyo inayokataza uzinzi. Hiyo baraza letu lililishika vizuri. Lakini katika kitabu kile kile kidogo, Luther anapoeleza ombi la nne la Sala ya Bwana, lile la riziki ya kila siku, haishii kwenye chakula. Anataja mavazi, anataja nyumba, anataja hata majirani wema. Kwa hiyo kila Jumapili binti yule alipoiomba Sala ya Bwana pamoja nasi, alikuwa anaomba chumba. Nasi tuliokuwa tumesimama pembeni yake ndio tuliopaswa kuwa wale majirani.

Kilichonichoma zaidi kilikuwa nyuma ya kanisa letu wenyewe. Usharika una vyumba sita vya kupangisha. Nilipofika nilimwomba mhazini mkataba, nikausoma kwa mara ya kwanza kwa makini. Unadai kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Saini iliyo chini nayo ni yangu.

Nikalipeleka jambo hili barazani. Haikuwa rahisi, wala waliopinga hawakuwa watu wabaya. Mhazini wetu, mama mwadilifu sana, aliuliza maswali mawili. Kodi ile ndiyo inayomlipa mwinjilisti, je, ikichelewa yeye atakula nini? Na mpangaji wa mwezi mmoja akitoroka usiku, nani atafidia? Sikuwa na majibu kamili. Tulikaa vikao vitatu. Mwishowe tukakubaliana vyumba vitatu vilipwe mwezi kwa mwezi, na sehemu ya sadaka ya mavuno, shilingi 1,200,000, itengwe kuwa mfuko wa kukopesha kodi bila riba.

Mwaka wa kwanza walikopa watu saba. Watano walimaliza deni. Mmoja analipa polepole. Mmoja alihama na simu yake haipatikani. Mhazini aliponisomea taarifa hiyo aliniangalia juu ya miwani yake, nami nikajua anachofikiri. Lakini mavuno yaliyofuata yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kunyoosha mkono mfuko uendelee.

Na binti? Aliachana na mwanamume yule. Sasa anakaa chumba kimoja na mfanyakazi mwenzake huko Buguruni, na anasali usharika ulio karibu naye. Nilimfuata kumwomba msamaha. Akasema, "Baba, na mimi nilikosa." Nikamwambia ni kweli, lakini yeye alikosa akiwa hana pa kwenda, mimi nilikosa nikiwa na ufunguo mfukoni. Tulisali pamoja, yeye akaungama na mimi nikaungama. Amekwisha kurudi kwenye Meza ya Bwana. Kwaya yetu hakuirudia, na sikumlaumu.

Bado nafundisha juu ya ndoa kama zamani, wala sijapunguza neno. Ila nimejifunza kwamba kabla mzee wa kanisa hajaniletea taarifa ya nani analala wapi, nimuulize kwanza kodi ya mtu huyo iliisha lini, na nani alimtembelea.

Mpendwa msomaji, huenda wewe ni mwenye nyumba. Najua wengi wenu mlijenga kwa kiinua mgongo, na kodi ya mkupuo ndiyo inayowaezekea bati. Siwahukumu, kwa kuwa na mimi nilisaini. Lakini katika 2 Wafalme 4 tunasoma habari za mwanamke wa Shunemu, aliyemwona mtu wa Mungu akipita mara kwa mara bila mahali pake. Akamshauri mumewe wamjengee chumba kidogo, wakaweka ndani yake kitanda, meza, kiti na kinara cha taa. Vitu vinne tu, na mlango. Labda wewe huwezi kutoa chumba bure. Je, unaweza kupokea kodi ya miezi miwili badala ya sita? Yupo mtu katika jumuiya yako ambaye kwake tofauti hiyo ndiyo jibu la ombi la nne.

Mungu atupe macho ya kumwona mtu huyo kabla hatujaandika barua. Amina.