Mkato Usiokata

Kazi yangu ya kwanza ya programu niliipata Mbeya, katika chumba kilicho juu ya duka la pembejeo, Mwanjelwa. Tajiri wangu alinunua viazi mviringo Mbeya na Iringa, nami nilitakiwa kugeuza madaftari ya makarani, yaliyokwisha kuchapwa, yawe jedwali la malipo. Kila mstari ulikuwa na jina, ukoo, kijiji na kilo. Huyu katenganisha kwa mkato, yule kwa nukta mkato, mwingine kwa mkwaju.

Ndiyo kwanza nilikuwa nimeijua rejeksi, lugha fupi ya kuieleza kompyuta sura ya maandishi. Chimbuko lake ni hesabu za Mmarekani Stephen Kleene, miaka ya 1950. Mwaka 1968 Ken Thompson akachapisha njia ya kuitumia kusaka maneno kwenye kompyuta. Ilinilevya. Amri moja tu, `\W+`: popote penye alama isiyo herufi, tarakimu wala kistari cha chini, kata. Nikaijaribu kwa mistari kumi ya Uyole na Igurusi, ambako hakuna aliyekuwa amefikisha kilo elfu. Ikakata safi. Nikapanda basi la Iringa na ripoti mkobani, kichwa kimenivimba.

Karani wa Kilolo alikuwa mama wa makamo.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Kamwene.”

Akavaa miwani, akashusha kidole karatasini, kikasimama.

“Mwanangu, kijiji cha Ng kiko wapi?”

Nikainama kutazama. Chini ya kijiji: Ng. Chini ya kilo: ang. Kipande cha tatu, ange, kilikuwa kimemwagikia nje ya jedwali. Ng'ang'ange yote ilikuwa imechinjwa, na Ng'uruhe nayo imebaki Ng na uruhe. Kwa kompyuta, ritifaa ni alama kama mkato, basi imeikata. Mstari wa chini yake, mkulima aliyeleta kilo 1,250 alisomeka ameleta kilo 1. Bahati yangu malipo yalikuwa bado.

“Hebu tamka Ng'ang'ange,” mama akaniambia. Nikatamka. “Umepumua wapi katikati?”

Sikuwa nimepumua.

Usiku ule, katika nyumba ya wageni, baridi ikinipiga vidole, niliandika upya: `(?<!\d)[,;/]`. Yaani kata kwenye mkato, nukta mkato au mkwaju, ila tu kama nyuma yake hakuna tarakimu. Jina na ukoo, vilivyotenganishwa kwa nafasi tu, nikaviacha pamoja. Mkato wa 1,250 una 1 nyuma yake, ukaachwa. Ule wa kabla ya 1 una herufi nyuma yake, ukakata. Ritifaa sikuitaja kabisa, ikabaki mahali pake. Asubuhi Ng'uruhe ikatokea mara mbili: simu walizochapia makarani wengine zilikuwa zimeipinda ritifaa, na kwa kompyuta, iliyopinda na iliyonyooka ni alama mbili. Nikaongeza hatua ya kuzinyoosha zote kabla ya kukata.

Tangu siku hiyo nimekata orodha za kahawa, za chai na za ada za shule. Kabla ya kuandika amri yoyote, humwomba mwenye daftari anisomee mistari mitano kwa sauti. Yeye anasoma, mimi naweka nukta ya penseli kila anapopumua.