Siku Arubaini Seoul



Wapenzi wasomaji, wako miongoni mwenu waliouliza kwa nini darsa zetu za baada ya Alasiri zilisita. Jawabu ni kuwa tulikuwa safarini Korea Kusini, na safari yenyewe mwanzo hatukuipenda. Binti yetu wa pili alipata ufadhili wa masomo wa serikali ya nchi ile. Mwanafunzi husomeshwa kwanza lugha ya Kikorea, na sharti afikie kiwango cha 3 cha mtihani wa TOPIK ndipo aingie katika shahada aliyoiendea. Mama yake aliridhia mapema. Sisi tulikataa mara mbili. Mara ya tatu tukasema: tutamsindikiza wenyewe, tukae siku arubaini, tuione nchi kwa macho yetu. Tukitulia moyo tutamwacha. Tusipotulia tutarudi naye.

Tulifika mwisho wa mwezi wa Agosti. Yeye aliingia bweni la wasichana, nasi tukapanga chumba kidogo mtaa wa Itaewon, chini ya kilima ulipo Msikiti Mkuu wa Seoul. Msikiti huo ulifunguliwa mwaka 1976, juu ya ardhi iliyotolewa na serikali na kwa michango ya nchi za Kiislamu. Kabla yake, Wakorea kadhaa walikwisha kusilimu kwa sababu ya wanajeshi wa Kituruki waliopigana katika vita vya 1950 hadi 1953, ambao walikuwa na maimamu wao. Hapa Mombasa tunaposali huelekea kaskazini. Kule tulielekea magharibi, na siku za mwanzo mwili ulisita kila tulipofunga takbiri. Maghribi nayo ilituchanganya. Kwetu haisogei sana mwaka mzima, lakini kule, katika hizo siku arubaini, ilirudi nyuma kwa yapata saa nzima.

Jambo moja lilitufurahisha. Seoul imetangulia kwa saa sita. Kwetu ikiwa adhuhuri, nasi twaiita saa sita, kule ni jioni, na saa yao ya ukutani inaonyesha 6. Basi kila tulipoitazama saa ya Kikorea tulikuwa tunaisoma saa ya Kiswahili ya nyumbani. Mama wa watoto alipopiga simu na kuuliza, "Huko ni saa ngapi?" tulimjibu, "Saa zenu ziko ukutani kwetu."

Mchana binti alikuwa masomoni, na sisi hatukuzoea kukaa bure. Tukajiandikisha darasa la Kikorea la wageni, pamoja na vijana wafanyakazi kutoka Uzbekistan, Indonesia na Pakistan. Mwenye mvi alikuwa mmoja tu darasani. Aliyezoea kuitwa mwalimu kwa miaka thelathini akaketi kwenye kiti cha mwanafunzi, akasahihishwa na mwalimu wa kike aliye rika la binti yake. Tunakiri kwamba wiki ya kwanza nafsi ilituuma.

Kilichotutuliza ni herufi zao. Hati ya Kikorea, Hangul, ilitungwa katika enzi ya Mfalme Sejong na kutangazwa mwaka 1446, ili raia wa kawaida nao wapate kusoma, kwani maandishi ya Kichina yaliyotumika yalikuwa mazito kwao. Leo ina herufi 24 za msingi, na kila tarehe 9 Oktoba ni sikukuu yake. Mwalimu alipotueleza kuwa umbo la herufi limechukuliwa kutoka mdomoni, kwamba hii ni ulimi ulioinuka nyuma, hii ni midomo iliyofungwa, na hii ni koo, tulikaribia kusimama. Hiyo si makharij? Ni elimu ileile tuliyosomeshwa chuoni tukiwa watoto, mbele ya maalim mwenye fimbo, ya kujua kila herufi inatoka wapi.

Sikio la Kimvita nalo lilitusaidia. Wao hutenganisha herufi yenye pumzi na isiyo na pumzi, nasi tangu utotoni tunajua kuwa paa la nyumba si paa wa mwituni, ingawa kwa kuandika ni mamoja. Lakini hawana fa wala za. Jina la binti yetu lina fa, basi kule aliitwa kwa pa, naye akazoea kuitika. Hesabu zao ni mbili, moja ya asili na moja yenye asili ya Kichina. Saa huhesabiwa kwa ile na dakika kwa hii. Vijana walilalamika. Sisi tukakumbuka kuwa nasi tunasema tano kwa Kibantu na sita kwa Kiarabu, na hakuna anayelalamika.

Adabu yao ndiyo iliyotushughulisha zaidi. Kitenzi hubadilika mwisho wake kwa kadiri ya heshima ya unayesema naye. Kitu hupokewa kwa mikono miwili, viatu huvuliwa mlangoni, na mdogo hali mpaka mkubwa aanze. Mtu baki huitwa kwa jina la udugu, kama sisi tunavyosema mama, kaka, bibi. Nao hupenda kusema "uri", yaani "yetu": nyumba yetu, mama yetu, hata kama msemaji ni mmoja. Kuinama kwa maamkizi kulitutia wasiwasi, kwa kuwa rukuu yetu ina Mwenyewe. Tukaweka mkono kifuani, tukateremsha kichwa kidogo, tukasema "annyeonghaseyo", ambayo asili yake ni kumuuliza mtu kama yu katika amani. Hatukuona hata mmoja aliyechukizwa.

Chakula kilitaka hadhari. Nguruwe na pombe vimeenea, hata katika vyakula usivyovidhania. Maneno ya mwanzo tuliyoyahifadhi ni "dwaejigogi ppaego juseyo", yaani, "tafadhali toa nyama ya nguruwe." Baadaye tukafahamu kuwa kuitoa sahanini hakutoshi ikiwa imepikwa pamoja, tukashikamana na samaki wa kuchoma, wali, mboga, na maduka ya halali ya karibu na msikiti.

Sasa tufike kwenye lililokata shauri. Wiki ya nne, binti alikuja kutungoja penye darasa letu. Tulikuwa tunatawadha katika beseni la kunawia, mguu mmoja umo ndani, alipoingia mzee mfanya usafi. Akapaza sauti. Katika maneno yake yote tulishika moja tu: "An dwaeyo," haifai. Tulijua maneno mia tatu ya Kikorea, na hakuna hata moja lililokuja. Tulisimama kwa mguu mmoja kama korongo, maji yakitiririka sakafuni aliyotoka kuipiga deki.

Binti alisikia kelele, akasimama nje ya mlango, akaita kwa adabu. Yule mzee alipotoka, alimsemesha kwa lugha ya juu kabisa ya heshima, akamwita babu. Hakubishana. Alianza kwa kuomba radhi kwa maji yaliyomwagika, kisha akaeleza kwamba baba yake anaosha viungo kwa ajili ya sala, na kwamba kwetu ni hivyo mara tano kwa siku. Alichukua tambara akataka kufuta sakafu. Mzee akamnyang'anya, akafuta mwenyewe akinung'unika.

Kesho yake tulikuta chini ya lile beseni karai la plastiki na kibao cha kukalia. Mzee alitazama pembeni, akaonyesha kwa kidole mguu wetu, kisha karai. Tukapokea kibao kwa mikono miwili.

Usiku ule tulifikiri sana. Tulikwenda kule kumlinda binti, na siku ya dhiki yeye ndiye aliyetulinda, kwa ulimi na kwa adabu. Ushungi ulikuwa kichwani mwake, haya ilikuwa usoni mwake, wala hakuona aibu kutaja sala. Masuala ya safari ya mwanamke wanavyuoni wameyazungumza, na kila mzazi amuulize anayemwamini katika dini yake. Sisi tulichunguza bweni, tukawajua wenzake wa Kiislamu anaosali nao, tukaona njia ya kwenda msikitini, ndipo tukampigia mama yake kumwambia anabaki.

Wakorea wana kwaheri mbili. Anayeondoka huambiwa "annyeonghi gaseyo", nenda kwa amani; anayebaki huambiwa "annyeonghi gyeseyo", baki kwa amani. Darasani tulizichanganya kila siku. Uwanja wa ndege wa Incheon binti alitushika mkono, akatuaga kwa ile ya kwanza. Sisi tulimjibu kwa ile ya pili, ingawa ni ya heshima na haisemwi kwa mtoto. Alicheka huku analia, akasema, "Baba, umekosea."

Hatukukosea. Tulikusudia.

Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu walio mbali, na atupe sisi wazazi subira ya kuwasomesha na unyenyekevu wa kusoma kwao. Amin.