‘Tumalizane’ ya barabarani inavyoziumiza familia

Neno ‘tumalizane’ linasikika la upole. Husemwa pembeni ya barabara baada ya ajali, watu wakiwa wamelizunguka gari. Mwenye gari anaomba jambo lisifike polisi, anatoa fedha alizonazo mfukoni na kuahidi nyingine mwisho wa mwezi. Ndugu wa majeruhi wanakubali kwa sababu mgonjwa anatakiwa kuwahishwa hospitali, na kwa sababu kumshtaki mtu aliyesimama na kuomba radhi kunaonekana ni roho mbaya.

Shida ni kwamba makubaliano hayo hufanyika kabla hata picha ya eksirei haijapigwa. Wanakubaliana bei ya kitu ambacho hakuna kati yao anayekijua.

Fundi cherehani mmoja wa Dar es Salaam, mama wa watoto watatu, aligongwa na gari dogo akivuka kwenye kivuko cha waenda kwa miguu. Mume wake alipokea Sh300,000 na namba ya simu. Hospitali ikaonekana mfupa wa paja umevunjika na unahitaji kuwekewa chuma.

Mfupa wa paja ndio mkubwa kuliko yote mwilini. Kuunga kwake ni suala la miezi. Kuna upasuaji, dawa, magongo, mazoezi ya viungo, nauli za kliniki, na wengine hulazimika kurudi chumba cha upasuaji mara ya pili. Kwa asiye na bima ya afya, kila hatua inalipiwa taslimu.

Kwa familia hii, akiba iliisha ndani ya wiki mbili. Ukafuata mkopo wa vikoba. Cherehani ya mama ni ya kukanyaga kwa miguu, hivyo kipato chake nacho kilisimama. Binti mkubwa, aliyekuwa kidato cha tatu, ndiye aliyemwogesha mama yake na kupika, na siku nyingi alikosa shule. Mwenye gari alituma fedha mara mbili zaidi, kisha simu ikawa haipokelewi. Naye ni mtu wa mshahara, ana kodi ya nyumba na ada za watoto.

Kinachouma zaidi ni kwamba siku ya ajali gari lile lilikuwa na bima hai. Hakuna aliyeuliza, na mwenyewe hakusema. Familia ilipokuja kufuatilia miezi kadhaa baadaye, hakukuwa na taarifa ya polisi, gari lilishanyooshwa bodi, na walioshuhudia hawakupatikana.

Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inakataza chombo kutembea barabarani bila bima ya mtu wa tatu. Huyo wa tatu ndiye huyu fundi cherehani: si mwenye gari, wala si kampuni ya bima, bali aliyeumizwa. Bima hii wengi huiita bima ndogo. Haitengenezi gari la aliyeikata. Imewekwa ili aliyegongwa asitegemee ukubwa wa mfuko wa aliyemgonga.

Wazo hili lina umri. Mwaka 1925 jimbo la Connecticut, Marekani, lilianza kumtaka dereva aliyesababisha ajali athibitishe kuwa ana uwezo wa kulipa. Kasoro yake ilikuwa wazi: uthibitisho ulidaiwa wakati mtu ameshaumia. Mwaka 1927 jirani yake Massachusetts akaanza kudai bima kabla gari halijaingia barabarani. Uingereza ikafuata kwa sheria ya mwaka 1930.

Hapa nyumbani, bado wapo wanaoikata kwa ajili ya trafiki tu. Akisimamishwa aoneshe, safari iendelee. Siku ya ajali anaogopa polisi na leseni yake, anakimbilia mfukoni. Hajui kwamba kwa kawaida mkataba wa bima unamtaka aitaarifu kampuni mapema, na unamkataza kukiri kosa au kuahidi malipo bila ridhaa yake. Kwa hiyo ‘tumalizane’ inaweza kumnyima hata yeye kinga aliyoilipia.

Familia inayopatwa na ajali ianze na uhai wa mgonjwa. Mmoja akiwa naye hospitali, mwingine aandike namba ya gari, jina la dereva na simu za walioshuhudia, kisha ahakikishe tukio limeripotiwa polisi na PF3 imepatikana. Uhai wa bima unaweza kuangaliwa kwenye mfumo wa TIRA-MIS wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima kwa kutumia namba ya gari, na jina la kampuni likajulikana hapohapo.

Risiti zote zitunzwe, hata za nauli na magongo. Msaada wa mwenye gari si dhambi kupokelewa, lakini asiwepo mtu wa kusaini kuwa amelipwa kila kitu wakati daktari hajamaliza kazi yake. Kampuni ikizungusha, malalamiko yanapelekwa TIRA au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Mahakama nayo ipo, ila kwa madai ya aina hii muda wa kufungua shauri ni miaka mitatu.

Nyumba yenye gari, bajaji au bodaboda nayo ina la kufanya. Mara nyingi baba peke yake ndiye anayejua bima inaisha lini, na chombo huazimwa na shemeji, mpwa au jirani mwenye msiba. Tarehe hiyo iandikwe mahali mama na watoto wakubwa wanapoiona, pamoja na simu ya kampuni. Atakayeomba funguo aangaliwe leseni kwanza, hata kama ni mdogo wake baba.