Pikapu Mpya, Ugomvi Mpya

Tumezoea kusoma habari za ndoa zinazotikiswa na nyumba ndogo, simu zinazozimwa usiku na mawifi wasioridhika. Ya kwangu ilitikiswa na propela. Usicheke, dada yangu. Nunua gari na mwenzio, kila mtu achange jasho lake, halafu gari lianze kugonga kabla hata nailoni hazijatolewa kwenye viti. Hapo ndipo utanielewa.

Ilikuwa mwaka 2023. Mimi nauza mayai ya jumla. Nayachukua Kibaha, nashusha Mbezi, Kimara mpaka Manzese. Trei moja ni mayai 30, na siku nzuri napakia trei 300. Miaka yote hiyo nilikuwa nakodi kirikuu, mpaka tukaamua yatosha. Nusu ya hela ilitoka kwenye VICOBA na akiba zangu, nusu ikatoka kwenye mkopo wa mume wangu kazini. Tukanunua pikapu ya milango minne, giaboksi otomatiki, mpya kabisa.

Wiki ya tatu likaanza. Nikiwa kwenye foleni ya Kimara nimepakia, nasimama, na mara tu gari linapotulia nasikia chini, ngo! Kama mtu kapiga bomba kwa nyundo. Naondoka, ngo! tena. Foleni ya Kimara mnaijua wenyewe, unasimama na kuondoka mara hamsini.

NANI ANAHARIBU GARI?

Nilipomwambia mume wangu, jibu lilikuwa moja: "Mama watoto, unakanyaga breki kama unaua nyoka. Gari la otomatiki linataka mguu laini."

Nikanyamaza. Jumapili akaliendesha yeye kwenda kanisani, akarudi amenuna. "Umeshaliharibu. Asubuhi linashtuka likibadili gia. Mimi siendeshi hivyo."

Basi bwana, ikawa ndiyo wimbo wa nyumba. Akitoka nalo, anarudi na lawama. Nikitoka nalo, narudi na kilomita zinakaguliwa. Mwezi wa pili akachukua funguo, eti gari lipumzike. Wiki nzima nikarudi kwenye kirikuu cha kukodi, nalipa hela ambayo ndiyo ilinifanya ninunue gari. Jamani, kuna uchungu wa kuwa abiria kwenye gari ulilolilipia nusu. Nikaanza kujiuliza maswali ambayo hayahusu gari tena: hivi huyu mtu akisema "letu" huwa ana maana gani?

Kwenye showroom waliotuuzia tulikwenda mara mbili. Mara zote kijana wa mapokezi alizunguka nalo uani, likiwa tupu na injini ina moto, akasema hasikii kitu. "Gari jipya lina tabia hizo, mama. Litajizoesha lenyewe." Mume wangu akanitazama kwa jicho la "unaona?"

MZEE WA GEREZANI

Shosti yangu mmoja akanipeleka kwa fundi wa siku nyingi kule Gerezani, mzee wa makamo ya baba yangu. Nikamwamkia, nikamweleza. Nilitegemea ataingia chini ya gari na spana zake. Hakugusa hata boneti.

"Lina warranti?" akauliza.

"Miaka mitatu, mzee."

"Basi mwanangu, nikifungua mimi watakwambia fundi wa mtaani ndiye kaharibu. Nenda kanunue daftari la shule. Wewe na mwenzio kila likigonga mwandike: saa ngapi, injini ya baridi au ina moto, lina mzigo au tupu, linasimama, linaondoka au linabadili gia. Mwandike na sauti yenyewe. Wiki mbili. Msibishane, andikeni tu."

Kabla sijaondoka akauliza kama huwa tunaweka four wheel kwenye lami. Nikasema hapana. Akasema afadhali, maana pikapu nyingi ukiweka four wheel kwenye lami kavu, matairi ya mbele na ya nyuma yanalazimishwa kuzunguka sawa hata kwenye kona. Nguvu inajikusanya kwenye difu na propela, gari linakakamaa na kugonga, na watu wanadhani ni ubovu.

Mume wangu alilidharau daftari siku mbili za kwanza. Siku ya tatu nikakuta mwandiko wake.

MAGONJWA MAWILI, JINA MOJA

Baada ya wiki mbili tulikaa mezani, watoto wamelala, tukafungua daftari. Wee! Ukurasa wangu na ukurasa wake ni kama magari mawili tofauti. Mimi: mchana, injini ina moto, mzigo umejaa, linasimama na kuondoka, sauti ya chuma, ngo! Yeye: alfajiri, injini ya baridi, gari tupu, kati ya gia ya pili na ya tatu, hakuna sauti ya chuma ila mshtuko, du!

Kumbe miezi yote ile kila mmoja alikuwa anasema kweli, na kila mmoja anamwona mwenzie mzushi. Wote tulitumia neno moja, "linagonga", lakini hatukuwa tunaongelea kitu kimoja. Mume wangu alikaa kimya muda mrefu, akasema taratibu, "Basi siyo mguu wako." Kesho yake funguo ilikuwa kwenye msumari wake, pale karibu na mlango.

Tukarudi showroom na daftari, safari hii na trei 200 nyuma, tukaomba fundi mkuu mwenyewe akae kwenye usukani. Hakufika mbali akaguna, "Hili nimelisikia."

Ngo! yangu ilikuwa propela. Propela ndiyo ile nondo nene inayopeleka nguvu kutoka giaboksi mpaka difu ya nyuma. Ukipakia mzigo springi zinashuka, ekseli inasogea, kwa hiyo propela lazima iweze kurefuka na kufupika. Ndiyo maana ina sehemu yenye meno inayoteleza ndani ya nyenzake. Grisi ikiwa haitoshi pale, inakwama, halafu gari likisimama inaachia ghafla, ngo! Wakaishusha, wakasafisha, wakapaka grisi, wakakagua krosi na beringi ya katikati, wakakaza na yubolti za springi.

Du! ya mume wangu ilikuwa ya kompyuta. Giaboksi za otomatiki za siku hizi zinajifunza: kompyuta inapima jinsi klachi za ndani zinavyoshika, inarekebisha presha ya mafuta kidogo kidogo. Gari likiwa jipya gia zinaweza kushtua, hasa kwenye baridi. Hapo kijana wa mapokezi hakukosea sana. Lakini letu lilikuwa limeshapita kilomita 4,000 bila kutulia. Walipima mafuta ya giaboksi, wakaweka programu mpya kutoka kwa watengenezaji, wakalifundisha upya. Hatukulipa hata senti.

Leo nikitoa R kuweka D bado nasikia "tk" kidogo. Hiyo ni nafasi ndogo iliyopo kati ya meno na meno, kila gari inayo. Nimeshajua ipi ya kuogopa.

KAMA LAKO LINAGONGA

Dada, kaka, chukueni haya:

• Andikeni kabla ya kubishana. Baridi au moto, mzigo au tupu, gia ipi, spidi ngapi.

• Mpeleke fundi pale sauti ilipo. Kama linagonga likiwa na mzigo, nenda na mzigo. Kama ni alfajiri, liache lilale kwao ili waliwashe likiwa la baridi.

• Kila ukienda dai karatasi yenye tarehe, kilomita na malalamiko yako, hata wakisema ni kawaida. Warranti ikiisha, karatasi ndiyo shahidi wako.

• Usimruhusu fundi wa nje afungue giaboksi wakati warranti ipo.

• Injini ikinguruma bila gari kwenda, mafuta yakidondoka chini ya giaboksi, au mtikisiko ukiongezeka kadiri spidi inavyopanda, egesha, usiendelee. Propela ikichomoka barabarani ni hatari.

• Ukizungushwa, andika barua. Ikishindikana ipo Tume ya Ushindani, FCC, iliyopewa kazi ya kumlinda mlaji kwa sheria ya mwaka 2003.

Na lile daftari hatukulitupa. Kurasa za nyuma sasa tunaandika mambo ya nyumbani: ada, mkopo, nani kachoka na nini, tangu lini. Mume wangu analiita "gereji". Mwezi uliopita aliandika kwamba simu zangu za wateja saa nne usiku zinamkera. Kwa mdomo nilikuwa nasikia "hupendi biashara yangu". Kwenye karatasi ilisomeka saa nne usiku tu, basi. Siku hizi nazima saa tatu na nusu.