Majina ya Maji Moyo

Makaburu waliuita ugonjwa huu hartwater. Vitabu vyetu vya ufugaji vinauita maji moyo, neno kwa neno. Ukimpasua mbuzi aliyeuawa nao, mara nyingi utakuta mfuko wa moyo umejaa majimaji. Jina hilo lilitoka kwenye kisu, si kwenye darubini, na halijapata kubadilika.

La kitaalamu halikutulia. Mwaka 1925, katika taasisi ya Onderstepoort, kaskazini mwa Pretoria, Mmarekani Edmund Cowdry alimwona bakteria anayeusababisha, amejikusanya mafungumafungu ndani ya seli zinazotanda kuta za mishipa ya damu. Akampa jina Rickettsia ruminantium, yaani wa wanyama wanaocheua. Mwaka 1947 bakteria huyo akaundiwa jenasi yake mwenyewe, Cowdria, kwa heshima ya mgunduzi. Mwaka 2001 ulinganishaji wa jeni ukamhamishia katika jenasi ya Ehrlichia, na jina la Cowdry likaondolewa. (Nilimhurumia kidogo.)

Wanafunzi wangu hapa Johannesburg hudhani spishi mpya huokotwa kama shilingi iliyodondoka mchangani. Huyu haoti kwenye sahani ya maabara. Hutaka seli iliyo hai, na ni mwaka 1985 tu ndipo watafiti wa Onderstepoort walipofaulu kumkuza humo. Kwa miaka 60 alikuwa na jina, lakini wa kumtunza nje ya mwili wa mnyama au kupe hakuwapo.

Linalonikera zaidi ni ahadi iliyomo katika jina la spishi. Chanjo ya huku ni damu ya kondoo yenye bakteria hai wa nasaba iitwayo Ball 3: mnyama hudungwa, huachwa apate homa, kisha hutibiwa kwa tetrasaiklini. Hata akipona, kinga hiyo haimfai dhidi ya kila nasaba iliyoko malishoni. Spishi ni moja, na mbuzi anakufa.

Mjomba wangu, mfugaji wa Handeni, aliniuliza kwa simu kama maji moyo ya Afrika Kusini ndiyo yake. Nikamjibu kuwa bakteria ni mmoja, kupe wanaomsambaza ni tofauti, na chanjo ya huku siwezi kumwahidi.

“Sasa, mjomba, ni huyo huyo au siye?”

Nikaanza kumweleza habari za jeni. Akanisikiliza kwa adabu, kisha akaniaga; mbuzi walikuwa wakingoja kuogeshwa.